Nyuki wa Saa Nane za Usiku

Isevya, Tabora
Alhamisi, 19 Juni 2025

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo, na Tumsifu Yesu Kristo. Natumaini barua hii inakukuta umekaa kwenye kiti chako cha kamba upande wa jua, maana baridi ya Juni hii haina adabu, na najua Shangazi Pelagia akija mjini hakuna wa kukukumbusha koti. Kifua kinaendeleaje? Ile dawa ya kikohozi niliyoileta uliimaliza, au umewagawia majirani kama kawaida yako? Na goti je? Nakuomba sana, Baba, usipande tena ile ngazi ya darini. Nitakueleza sababu, lakini hata kabla hujaijua, usipande.

Sisi huku hatujambo kiasi. Masanja yuko kwao Igunga tangu wiki iliyopita, amekwenda kuwaona wazazi na ng'ombe wao, ambao siku hizi naona anawapenda kuliko anavyonipenda mimi. Mjukuu wako Kabula yuko likizo. Amenipita urefu, na sasa ananifundisha namna ya kuvaa. Anakusalimu na anauliza kama asali ya mwaka huu imeshapatikana. Nimemwambia aje akuulize mwenyewe, ana miguu.

Utashangaa kupata barua kutoka kwa mtu aliyekuwa nyumbani kwako Jumapili tu iliyopita. Kutoka Isevya hadi Kwihara si mwendo wa kuandikiana barua, na simu ninayo, na wewe unayo, hata kama unaiweka kwenye kopo la sukari. Ukweli ni kwamba nimekuja Jumapili tatu mfululizo nikiwa na neno la kukwambia. Mara zote tatu nimekula ugali wenu, Shangazi akanifungia karanga, nikarudi nalo neno langu kama nilivyokwenda nalo. Mdomo umenikatalia. Ndiyo maana nimeona niandike, labda mkono utakuwa na utii zaidi.

Naomba nianze mbali kidogo, kwa sababu habari za makumbusho ya chuo ninakofanya kazi zimekufikia vipande vipande, na vipande vingine niliviacha kwa makusudi.

Mwezi wa Januari chuo kilitangaza kwamba fungu la makumbusho litapunguzwa. Hilo peke yake lisingetushtua, tumezoea. Kila mwaka tunakatwa kidogo kama kucha. Safari hii walitaka kukata na kidole. Walisema chuo hakiwezi kuendelea kulisha sehemu mbili: ukumbi wa maonyesho, ambako watoto wa shule huja kumshangaa kakakuona aliyekaushwa na fuvu la tembo, na chumba cha utafiti, yaani kile chumba cha makabati ya nyuki ulichokijua wewe kabla sijaota meno ya pili. Moja ibaki, nyingine ifungwe ifikapo tarehe mosi Julai. Ili waamue kwa haki, wangemleta mtathmini kutoka Dar es Salaam baada ya Pasaka, naye angetaka kumbukumbu zote ziwe ndani ya kompyuta, kwenye jedwali moja. Kisichokuwa kwenye kompyuta kingehesabiwa kwamba hakipo.

Kazi ile ilikuwa ya Dk. Ezekia, mtafiti wetu wa nyuki. Hujawahi kumwona, ingawa yeye anakufahamu kwa mwandiko. Ni kijana wa Mbeya, mpole, anayezungumza na nyuki waliochomwa pini kana kwamba watamjibu. Lakini mama yake aliugua sana mwezi wa Februari, akaomba ruhusa akamwuguze, na hakurudi mpaka Pasaka imepita. Kwa hiyo mkuu wetu, Bi. Kuluthumu, alinikabidhi mimi kifurushi cha madaftari yako ya nyuki bila kuyahesabu, yote kumi na moja, ya mwaka 1991 hadi ulipostaafu 2016, niyaingize. Alinipa miezi miwili.

Hakujua kwamba madaftari yale ni ya baba yangu. Wewe mwenyewe ulinikataza, unakumbuka, siku ile napeleka maombi ya kazi. Ulisema nisilitaje jina lako, waniajiri kwa akili zangu, wasije wakasema nimebebwa. Nikatii. Pale chuoni mimi ni Bi. Masanja, mke wa mtu wa Igunga, basi. Wazee wenzako waliokujua wamestaafu mmoja mmoja, na miaka tisa imepita pasipo mtu kuuliza. Dk. Ezekia alikuwa akitaka sana kuja kukuona, akawa ananiuliza njia ya Kwihara kwa kuwa alisikia ninatoka huko. Mara nikimwambia mvua imeharibu barabara, mara nikimwambia mzee ana wageni. Sikuwa na sababu ya maana. Nilikuwa nimezoea tu kutokuwa mtoto wako pale kazini.

Lakini nikuambie, kuyasoma madaftari yako kulinipa raha ambayo sikuitegemea. Kuna siku nilicheka peke yangu mpaka mlinzi akachungulia. Uliandika kwamba nyuki wamekuuma mara kumi na nne, na kwamba wa kumi na tano hukumhesabu kwa hasira. Na kuna ukurasa wa mwaka 1993 usio na nyuki hata mmoja, umeandikwa tu kwamba leo sikwenda porini, Apolinaria ana surua. Niliushika ukurasa ule muda mrefu. Pengine ndiyo siku niliyoanza kuchelewa, nikawa na haraka.

Mtathmini alikuja mwisho wa Aprili. Alikaa siku nne, akanywa chai yetu, akasifu asali, akaondoka. Ripoti ilitoka katikati ya Mei. Baba, hili unalijua nusu. Nusu nyingine ni hii: aliandika kwamba kwa mujibu wa jedwali letu, nyuki wa Tabora huanza kwenda malishoni saa saba za usiku, huchangamka kabisa ifikapo saa nane za usiku, na ikifika adhuhuri wameshalala. Akaandika kwamba hakuna nyuki wa namna hiyo duniani. Na kwa kuwa hakuna nyuki wa namna hiyo, basi aliyeandika hakuwa porini, alikuwa amekaa barazani kwake akijaza namba. Alitumia maneno takwimu za kupikwa. Akataja na herufi za jina lako zilizo kwenye kila jalada, L.M.

Siku kamati ya chuo ilipoisoma ripoti hiyo ukumbini, watu walicheka. Mtu wa hesabu za chuo aliuliza kama nyuki hao wana tochi. Kila mtu akacheka. Mimi nilicheka pia, Baba. Nilicheka kidogo.

Dk. Ezekia peke yake hakucheka. Ndiyo kwanza alikuwa amerudi kutoka Mbeya, mama yake akiwa ametangulia mbele za haki, na mtu akikuta chumba chake kinafungwa wiki aliyotoka kuzika, unategemea akae chini. Yeye alisimama. Aliwaeleza kwamba hakuna mahali pengine katika nchi hii ambapo mtu mmoja alirudi kwenye miti ileile ya nyuki, mitundu na miyombo, kwa miaka ishirini na mitano, akaandika siku, ua lililochanua na saa nyuki walipotoka. Kwamba msitu ule sasa umekuwa mkaa na mashamba ya tumbaku, hautapimwa tena. Kwamba joto limebadilika, nyuki wanawahi kutoka, na anayetaka kulijua hilo hana shahidi mwingine zaidi ya huyu mzee. Kisha akaomba madaftari yenyewe yaletwe.

Yalipoletwa kesho yake, haikumchukua muda. Alisema kwa sauti kwamba hizi ni saa za Kiswahili. Mzee akiandika 2.15 ana maana ya saa mbili na robo asubuhi, jua limepanda, nyuki wako kazini. Ni kompyuta ndiyo isiyojua asubuhi wala jioni, inahesabu tangu katikati ya usiku, ukiipa mbili inakwambia saa nane za usiku. Watu wote mle ndani wamezaliwa, wameoa au kuolewa na wamesafiri kwa saa hizo, wakaanza kuitikia kwa vichwa. Nilidhani yamekwisha.

Hayakuisha. Mwenyekiti wa kamati alifungua daftari la kwanza na la pili, akaonyesha kwamba huko umeandika 8.15 na 16.20, saa za Kizungu kabisa, kwa mkono uleule. Akasema mtu huyu alizijua saa za Kizungu. Kama baadaye alibadili, alibadili lini, na aliandika wapi kwamba amebadili? Mtafiti hawezi kuja leo akachagua saa inayomfaa. Wakatafuta. Daftari la nne halina maelezo, la tano halina, mpaka la kumi na moja. Likabaki la tatu, na la tatu halikuwamo kabatini. Kwa maoni yangu walikuwa wanatafuta sababu ya kufunga chumba tangu Januari, na sasa walikuwa wamepewa. Wakaamua kukuandikia wewe ile barua yenye mhuri iliyoletwa na mtendaji wa kijiji, kwamba hukukabidhi daftari namba tatu, uliwasilishe ifikapo tarehe ishirini na tano Juni, la sivyo itachukuliwa kwamba halikuwahi kuwapo.

Kabla hawajaachana, Bi. Kuluthumu aliniuliza mbele ya wote kama ninamfahamu mzee huyu, kwa vile mimi ni mtu wa Kwihara. Nikajibu kwamba namfahamu, ni mzee mmoja wa kijijini kwetu.

Nimeiandika sentensi hiyo, nikaenda kunywa maji, nikarudi. Bado ipo.

Yaliyofuata wewe unayajua kuliko mimi, kwa sababu yalitokea kwako. Uliniambia kwamba uliyakabidhi yote kumi na moja kwa mkono wako, ukayafunga kwa utepe wa katani, na ukasema niwaulize wenzangu taratibu, labda limeangukia nyuma ya kabati. Nikasema nitauliza. Jumapili ya kwanza ulikuwa na uhakika. Jumapili ya pili ulikuwa umeshusha maboksi yote darini, Shangazi akiishika ngazi huku akikulaumu na kumwomba Bikira Maria kwa zamu. Na Jumapili iliyopita ulilifungua sanduku la Mama.

Tangu tumzike hujalifungua. Sisi watoto hatukuthubutu hata kulisogeza wakati wa kufagia. Ukalifungua, ukatoa kitenge kimoja kimoja, ukakunjua, ukakung'uta, ukaangalia chini kama kuna kilichoanguka. Mimi nilikuwa nimesimama pembeni yako, navipokea na kuvikunja upya. Ulipofika kwenye ile kanga ya zambarau aliyoivaa ndugu yangu Bertila alipopata kipaimara, ulisita, ukaikung'uta nayo. Hapakuwa na kitu. Ukakaa kitandani, ukasema labda ni uzee, labda kweli hukulipeleka, labda kuna mambo unayakumbuka ambayo hayakutokea. Ukaniuliza leo ni tarehe ngapi, na baada ya kitambo ukaniuliza tena. Halafu ukasema umemwambia katekista atafute msomaji mwingine wa misa, kwa sababu haipendezi mtu aliyeitwa mwongo na chuo kusimama mimbarini kusoma neno la Mungu.

Baba, daftari la tatu ninalo mimi.

Halijapotea. Halikuwa darini wala kwenye sanduku la Mama. Lilikuwa hapa Isevya, ndani ya mfuko wa mchele, chini ya nguo zangu, wakati nakunja vitenge vya Mama mbele yako na kukuuliza kama umeshaangalia nyuma ya mtungi.

Sasa nikueleze yote, nisikubakishie hata moja. Nilipoanza kuingiza namba, nilianza na daftari la kwanza kama mtu yeyote mwenye akili. Nikaona umeandika saa za Kizungu, nikakumbuka kwamba wakati ule mlikuwa na yule profesa mgeni kutoka Denmark, naye ndiye aliyetaka hivyo. Nikazinakili kama zilivyo. La pili vivyo hivyo. Nilipofika la tatu vidole vilikuwa vimeshajifunza njia. Ukurasa wa kwanza una maneno tu, hauna namba, nikaupita. Nilikuwa na haraka, miezi miwili ilikuwa imebaki wiki mbili. Kuanzia hapo hadi mwisho, miaka ishirini na moja ya maisha yako, niliandika kila asubuhi yako kuwa usiku. Mimi niliyezaliwa na saa zetu, niliyeambiwa na wewe kila siku kwamba saa kumi na mbili jioni niwe ndani, sikuona kwamba nyuki wanatembea gizani. Mgeni kutoka Dar es Salaam aliliona kwa siku nne.

Hilo ni kosa, na kosa ningeweza kulibeba. Siku ripoti iliposomwa nilikwenda stoo kabla ya mtu mwingine yeyote, nikafungua daftari la tatu, nikausoma ule ukurasa nilioupita. Umeandika kwa wino wa bluu: Kuanzia leo, tarehe 3 Machi 1995, naandika saa zetu. Saa moja ni jua likishatoka. Saa za mgeni zimeondoka na mgeni. Ukaweka sahihi. Wewe uliandika, Baba. Uliandika lini, na kwa nini, na ukasaini, jambo lilelile ambalo baadaye mwenyekiti alisimama akauliza mbona hukuliandika.

Nilitakiwa nitoke nalo mbio mpaka mezani kwa Bi. Kuluthumu. Lakini mkataba wangu ulikuwa unaisha Juni hii, na Bi. Kuluthumu alikuwa ameniambia, siku mbili tu kabla, kwamba chumba cha nyuki kikifungwa ukumbi utabaki, na ukumbi ukibaki utahitaji msimamizi wa kudumu, na jina lililo kichwani mwake ni langu. Nikafikiri kwamba nikionyesha ukurasa huu wataniuliza nani aliingiza namba. Nikalitia daftari kwenye mkoba. Nilijiambia ni la siku moja tu, nitafakari. Siku ikawa wiki, wiki zikawa tano. Kesho yake yalipotakiwa madaftari, nilileta kumi, nikasema ndiyo niliyopewa, na kwa kuwa jedwali halionyeshi namba ipi ilitoka daftari lipi, hakuna aliyenibishia. Sikulichana wala kulichoma, nikajiona mtu mwema kwa sababu hiyo. Shetani hana haja ya kukusukuma sana, Baba, anakuachia tu ukae.

Watu husema kikulacho ki nguoni mwako. Wewe uliikung'uta kila nguo iliyomo nyumbani mwako ukakikosa, kwa sababu kilikuwa kinazikunja.

Sitakuomba msamaha katika barua. Nitauomba kwa magoti, kama utaniruhusu. Lakini nataka ujue kwamba huzeeki vibaya. Akili yako ni nzima. Uliyakabidhi yote kumi na moja, uliyafunga kwa utepe wa katani, kila unachokikumbuka kilitokea. Ukianza kujitilia shaka tena, soma mstari huu.

Jana asubuhi nilikwenda kwa Bi. Kuluthumu na daftari, na karatasi mbili nilizoziandika na kuzisaini, zenye habari yote ya namba na ya daftari. Niliweka mezani, nikasimama. Alisoma bila kuinua uso. Alipomaliza alivua miwani akaniuliza swali moja tu, huyu mzee ni nani kwangu. Nikasema ni baba yangu mzazi. Akavaa miwani tena, akanitazama upya; naona hilo lilimgusa kuliko habari za kuficha daftari. Kisha akamwita Dk. Ezekia. Nilidhani atanitukana, nilikuwa nimejiandaa. Hakunitukana. Alifungua ule ukurasa, akausoma, akaenda dirishani akatupa mgongo, na mabega yake yakawa yanatikisika. Nilijua analia, na nilijua halii kwa ajili ya nyuki peke yao. Mama yake amekufa, na mimi nilimtumia salamu za rambirambi huku daftari likiwa mkobani.

Nisikudanganye kwamba mambo yamepona. Bi. Kuluthumu ameniambia maelezo yangu yatapelekwa kwenye kamati Jumatano ijayo, na jedwali litasahihishwa, na ile kauli ya takwimu za kupikwa itafutwa kwa maandishi, nakala ije kwako na nyingine kwa katekista, hilo niliomba mimi. Lakini kuhusu chumba, amesema nisiwe na matumaini ya haraka, fungu limeshahamishwa, na kulirudisha fungu ni kazi kuliko kulitoa. Dk. Ezekia atapigana. Huenda akashinda, huenda makabati yakapakiwa kwenye lori. Kama yatapakiwa, yatakuwa yamepakiwa na mimi. Kuhusu kazi yangu, nimerudisha funguo. Masanja bado hajui. Nitamweleza akirudi, na ng'ombe watanisaidia kwa kuwa atakuwa na furaha nao.

Utajiuliza kwa nini sikukuletea daftari wewe kwanza, mkononi, kama ilivyo haki yako. Nilitaka. Jumatatu nilifika mpaka stendi ya bodaboda nalo. Halafu nikakuona akilini, nikaona kabisa utakavyofanya. Ungelishika, ungenitazama, usingeniuliza kitu. Ungevaa koti lako la Pasaka, ungekwenda chuoni na goti lako bovu, ungewaambia kwamba umelipata darini, mnisamehe ni uzee. Ungesema uongo wako wa kwanza ili mimi nibaki na kazi, na ungekufa nao. Nakufahamu, Baba. Ulinisitiri nilipovunja chungu cha bibi, ukanisitiri nilipofeli kidato cha nne mara ya kwanza, na hili nalo ungelisitiri. Kwa hiyo nilitangulia. Baada ya yote niliyokuibia, nimekuibia na hilo.

Bi. Kuluthumu na Dk. Ezekia watakuja Kwihara keshokutwa Jumamosi, asubuhi, kukuomba radhi kwa niaba ya makumbusho. Nimewaomba wanipe siku mbili hizi ili usikie kutoka kwangu kabla hujasikia kutoka kwao. Watakuja na gari jeupe la chuo. Mimi nitakuwamo, kwa sababu wao hawaijui njia, na siwezi tena kusema barabara imeharibika. Gari litasimama nje ya uzio wa minyaa. Wao watashuka. Mimi nitabaki kwenye kiti cha nyuma. Ukitaka nishuke, mtume Shangazi aje aniite. Ukiona bado, usimtume, Baba. Nitakaa humo mpaka mmalize mazungumzo na kunywa chai, na nikirudi mjini nitajua kwamba nimejibiwa.

Msalimie Shangazi, ambaye ameibeba barua hii kwenye kapu lake pamoja na dawa za kliniki bila kujua kilichomo, na usimlaumu kwa kuchelewa, foleni ilikuwa ndefu. Wasalimie majirani wote wa upande wa kisimani. Kabula anasema shikamoo. Mungu akulinde na baridi.

Ni mimi mwanao,
Apolinaria